Ijumaa ya Kuzika Kisima

Tangu nirudi, kila anayepiga hodi kwangu ananiuliza swali lile lile: ulituaga kwa siku nne, siku zote hizo ulikuwa wapi? Shoga yangu mmoja amesikia nimeolewa mitala Rufiji. Jirani amesikia nimewekwa ndani. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku chai inapoa, kwa hiyo naandika yote mara moja, mpeane msome. Mambo ya kuombea gari, fomu na mihuri nayaruka. Kila mtumishi wa serikali anayajua na hayajawahi kumfurahisha mtu.

Kwanza kazi yangu, maana wengi wenu hamjawahi kuielewa, na kosa ni langu, huwa naieleza kwa maneno mengi mno. Chini ya ardhi kuna joto. Mvua ikinyesha, maji mengine yanazama, yanapenya kwenye nyufa za miamba, yanafika kwenye joto, yanachemka huko, kisha yanatafuta njia ya kupanda tena. Yanapotokea ndipo panaitwa majimoto, na Rufiji wanayo. Mimi naikisia njia hiyo kwa hesabu. Kwenye kompyuta ya ofisini, ile tunayoifunika kitambaa cha kufuma, nimeigawa ardhi ya Rufiji yote katika vijumba vidogo vidogo, na kila kijumba kinampa jirani yake maji na joto, kama watu wanavyopitishiana sahani za futari. Ukijua kilichoingia nyumba ya kwanza na kilichofika nyumba ya mwisho, unaweza kukisia kilichopita katikati. Tukiijua njia ya joto, labda siku moja tutalichimba litupe umeme.

Sasa, hesabu zangu zilikuwa zikisema kwamba joto lile halikomei kwenye majimoto. Zilisema linatambaa chini kwa chini mpaka kwenye delta, karibu na bahari. Ofisini walinicheka mwaka mzima. Halafu Jumatatu moja ikaja barua kutoka Kiongoroni, imeandikwa na muuguzi wa zahanati, Nesi Tumaini, mtu wa Singida aliyepangiwa kazi huko. Aliandika kwamba kijiji kimechimbiwa kisima kirefu cha pampu, na maji yake yanatoka vuguvugu.

Niliruka. Sidanganyi, niliruka kweli kweli nikagonga kabati. Vuguvugu! Nikazunguka ofisi nzima nikiwaonyesha neno lile.

Nilipoisoma barua mara ya pili ndipo nikaona mengine. Kwamba watu wamesikia redioni habari za meli za Ulaya zinazotafuta Afrika pa kutupa sumu, na sasa wanasema wachimbaji wale walizika taka za nyuklia, ndiyo maana maji ni ya moto. Kwamba mtoto mmoja amefariki. Kwamba Ijumaa, baada ya sala, kijiji kitakifukia kisima, na watu watarudi kwenye dimbwi la mashambani, na yeye Nesi anajua dimbwi hilo linawafanya nini watoto kila mwaka. Aliomba aje mtu anayejua kueleza. Nikaona aibu kwa kuruka kwangu, nikaenda kufunga mzigo.

Dar es Salaam hadi Kibiti

Tulitoka Jumanne alfajiri na Landrova ya ofisi. Dereva wangu alikuwa Chande, Mzaramo, na mimi mnajua ni Mnyamwezi wa Tabora. Maana yake ni watani. Tangu enzi za misafara watu wa pwani na sisi tunatukanana kwa haki, hakuna wa kununa, na kwenye misiba yao sisi ndio wa kuleta vurugu, na wao kwenye yetu. Chande alinianza hata kabla hatujavuka Mbagala.

"Bibi zako walitembea kwa miguu mpaka pwani na meno ya tembo kichwani," akasema. "Wewe umepewa gari unalalamika kiti kigumu."

"Na babu zako walitukaribisha kwa dagaa wa kuoza," nikamjibu.

Barabara mnaijua ilivyo. Mchanga unakula magurudumu, ukitoka kwenye mchanga unaingia kwenye tope, na katikati kuna malori ya nazi yaliyolala ubavu yakisubiri vipuri. Mbele ya Mkuranga springi ya nyuma ilikatika. Chande akaifunga kwa kipande cha mti na mpira wa baiskeli, tukaenda mwendo wa bibi harusi. Kibiti tuliingia Jumatano mchana, na fundi alipochungulia chini ya gari aliguna tu, akaenda kunawa mikono.

"Gari lako limefika," akasema Chande. "Wewe bado."

Kibiti: mdomo wangu

Tuliambiwa tusubiri trekta linalopeleka sukari na mitumba Nyamisati, ambako ndiko boti za delta hupakilia. Tukakaa kwenye benchi la mama ntilie mmoja, tukala ubwabwa na mchuzi wa kambale wa nazi ambao mpaka leo nikiukumbuka nameza mate. Kibiti miaka hii ya ruksa ya biashara imechangamka: kila mtu ana meza, kila meza ina betri, kanga na viatu vya mitumba. Kwenye benchi letu alikuwapo mwalimu mmoja, mwuza mitumba, na mzee mwenye redio begani.

Mwalimu akauliza mimi ni nani. Chande akanitazama kwa jicho la kunionya. Mnanijua, hamtashangaa: nikaeleza. Nikawaeleza joto, nyufa, vijumba, sahani za futari. Walinifurahia. Mama ntilie akaniongezea mchuzi. Kwa hiyo mzee wa redio alipouliza hesabu hizo wengine wanazitumia wapi, ningesema tu Ulaya, basi. Lakini mimi napenda jibu kamili.

"Wanazitumia kutafuta umeme wa joto," nikasema, "na pia wale wanaotaka kuzika taka za nyuklia. Taka zile zina joto lake, kwa hiyo lazima wajue litafika wapi, na kama maji ya chini yatazibeba. Hesabu ni ile ile."

Chande alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshamaliza.

Mzee alizima redio yake.

"Kumbe ndiye wewe," akasema mwuza mitumba.

"Ndiye mimi nani?"

"Wa kuzika."

"Hapana, jamani! Mimi natumia hesabu tu. Ni kama kisu, huyu anakatia nyama, yule..." Hapo nikaona ninazidi kuzama. Mwuza mitumba alinyanyuka, akafunga mzigo wake juu ya baiskeli, akashika njia ya Nyamisati bila kuaga. Mama ntilie akafunika sufuria.

"Hongera," Chande akaniambia. "Sasa habari zako zinakwenda kwa baiskeli, wewe unasubiri trekta."

Nililia kidogo, niseme ukweli. Nilikuwa nimetumwa kuzima moto, na mimi ndiye nimemwaga mafuta ya taa.

Kuzungukia Dimani

Trekta lilikuja Alhamisi asubuhi. Chande alibaki na gari lake, akanipungia mkono kama anayemsindikiza mwenda Hija. Nilikaa juu ya magunia ya sukari, na chini ya makalio yangu boksi la mabati lenye kifaa changu: waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu la mbao, mwishoni una kipimajoto. Njia ilikuwa imekatwa na maji, tukazungukia upande wa Dimani, na huko gurudumu la tela likachomoka.

Dereva akaenda kutafuta mtu wa kuchomelea. Mimi nikakaa chini ya upenu wa nyumba ya mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa anamenya muhogo. Tukasalimiana sana, akaniletea maji, akaniuliza ninakotoka. Kisha akainama akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwenzangu, safiri kwa hadhari. Tumeambiwa kuna mwanamke Mnyamwezi anapita huku na sumu ya Wazungu ndani ya boksi."

Nilitaka kueleza. Maneno yalinijaa kinywani. Lakini nilikumbuka benchi la Kibiti.

"Sumu yenyewe naikalia hivi, mama," nikasema. "Njoo uione."

Alirudi nyuma hatua mbili na kisu chake mkononi. Nikafungua boksi. Alinyoosha shingo, akachungulia, akakaribia.

"Waya?"

"Waya, na hiki kidude cha kupimia joto. Shika."

Akakishika, akakiweka kwenye uji wa mjukuu wake, tukatazama sindano inapanda. Akakiweka kwapani kwake. Akakiweka kwapani kwa mjukuu. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Sumu gani hii inapima uji? Na wewe mwanamke, mbona hukuwaonyesha huko Kibiti?"

"Niliwaeleza."

"Ndiyo makosa yako," akasema, akanipa muhogo wa kuchoma na kipande cha nazi.

Njia nzima ya Nyamisati nilikuwa naitafuna nazi ile nikimfikiria mama yule. Miaka yote niliyosoma hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa maneno machache hivyo.

Nyamisati hadi Kiongoroni

Ijumaa asubuhi manahodha watatu walinikatalia. Mmoja alisema boti yake ina mgonjwa, mwingine akasema mashine imekufa huku inanguruma nyuma yake. Mwuza mitumba alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Wa nne, Nahodha Mbwana, mtu mfupi mwenye kofia ya kusuka, alinitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Unakwenda kwa Nesi Tumaini?"

"Ndiyo."

"Mke wangu angekufa na mapacha tumboni kama si Nesi. Panda. Ukiwa na sumu tutakufa pamoja."

Tuliingia mikokoni. Mto mmoja unageuka kuwa miwili, miwili inakuwa minne, yote inafanana, na yeye anakunja kona kama anakwenda dukani kwake. Mara maji yakaanza kupwa. Boti ikagusa, ikaburuza, ikakaa kwenye tope kama kuku anayeatamia.

"Tungoje maji," akasema Mbwana, akazima mashine.

"Mpaka lini?"

"Mpaka yajae."

Nilitazama jua. Nikamwambia kisima kinafukiwa baada ya sala. Akasema anajua. Nikasema nitatembea. Akasema tembea. Nikakunja kanga nikashuka, nikazama mpaka mapajani kwa hatua moja tu, na kiatu changu cha kushoto mpaka leo kiko huko huko. Mbwana alinitoa kwa pondo, ule mti wake wa kusukumia boti, kama anayevua kaa. Nilikuwa na hasira hata nikashindwa kucheka, na yeye alicheka kwa ajili yetu sote wawili.

Tulipokuwa tunasubiri akanisimulia. Mtoto aliyefariki aliitwa Salumu, alikuwa ameanza kutembea tu, mtoto wa pekee wa Bi Zaina, mwanamke ambaye mumewe alikwenda kukata boriti akaangukiwa na mti. Bi Zaina ndiye aliyesimama mkutanoni akasema kisima kizikwe. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumpinga.

"Hawasemi kufukia," akasema Mbwana. "Wanasema kuzika. Wameandaa majembe na mawe, na wanaume wote watatoka msikitini moja kwa moja, kama wanaosindikiza jeneza."

Halafu nikamwuliza, "Nahodha, huku kwenu Mnyamwezi ni mtani?"

"Sasa utakuwa nani? Ni mtani."

"Na mtani akifika kaburini, anaruhusiwa kuingia?"

Aliniangalia, akaanza kutabasamu polepole. Maji nayo yakaanza kupanda.

Kisimani

Tulifika watu wameshatoka sala. Nilikimbia na kiatu kimoja, tope mpaka kiunoni, boksi kichwani. Kisima kiko nyuma ya zahanati. Kijana mmoja mwenye spana alikuwa amekwisha kulegeza pampu, wenzake wameinyanyua wakailaza kando. Rundo la mawe na udongo lilikuwa tayari. Wanaume na kanzu zao, wanawake upande wa pili, na Nesi Tumaini na gauni lake jeupe amesimama peke yake, macho mekundu.

Nikapita katikati yao nikaenda kukaa kitako juu ya mfuniko wa saruji, pu! Tundu la bomba likawa chini yangu.

"Mnazika bila mtani?" nikapaza sauti. "Tangu lini pwani hii watu wanamaliza msiba Mnyamwezi hajafika?"

Walishtuka. Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mkumba, mrefu na mpole, akasogea.

"Bi mtani, karibu. Lakini toka hapo. Hapa leo hapana mzaha."

"Mmekuja na majembe, nami nina haki yangu ya kaburini. Sitoki mpaka mnisikilize."

"Ni yule wa Kibiti!" mtu akapiga kelele. "Wa kuzika sumu!"

"Ndiye mimi. Boksi hilo hapo, lifungueni. Mtakuta waya." Nikachovya mkono kwenye maji yaliyobaki ndani ya pampu iliyolazwa, nikauinua. "Na huyu maiti wenu bado ana joto, jamani! Mliona wapi mtu anazikwa angali na joto mwilini?"

Wakacheka. Kweli walicheka, hata Bwana Mkumba, na mimi nikajiona nimeshinda. Mara mwanamke mmoja akatoka upande wa wanawake, mwembamba, amejifunga kaniki, jiwe mkononi. Hakuwa anacheka.

"Mwanangu naye alikuwa na joto," akasema. "Siku tatu alikuwa na joto. Tukamzika."

Kicheko kilikatika. Ningepata pa kujificha ningejificha. Nilishuka kwenye saruji nikapiga magoti kwenye tope.

"Nisamehe, Bi Zaina. Utani wangu umekuumiza. Pole, mama. Pole sana."

Hakulitua jiwe lake.

"Sitaki pole," akasema. "Nesi anasema maji haya ni mazima. Na wewe umetoka Dar es Salaam kusema ni mazima. Basi yanywe. Hapa hapa, tukikuona. Siku saba. Mkono wangu ndio utakupa kata ya maji. Ukiwa mzima Ijumaa ijayo, wataamua wenyewe."

Bwana Mkumba akawatazama wazee, wazee wakatikisa vichwa kukubali. Wakarudisha pampu ili yapatikane maji ya kunipa, ila wengine wote wakakatazwa kuyagusa. Ofisini nilikuwa nimeaga kwa siku nne. Nikasema sawa.

Kata ya kwanza nilikunywa mbele ya kijiji kizima. Ladha ya chuma kidogo, na joto lake ni lile la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Siku saba

Jumamosi nilishusha waya wangu kisimani. Kadiri unavyoshuka joto linapanda, na hesabu zangu za ofisini zilikuwa zimekisia karibu kabisa. Nilitaka kupiga vigelegele. Nilijizuia, maana Bi Zaina alikuwa ameketi hatua chache kutoka nilipo, anaokota mawe kwenye mchele, ananitazama.

Siku hiyo hiyo Nesi Tumaini alinifungia mlango wa zahanati akaniambia jambo.

"Kabula, Salumu hakunywa maji ya kisima. Hata tone. Mama yake aliyaogopa tangu siku ya kwanza kwa sababu ya joto lake, akawa anakwenda dimbwini kama zamani. Nilimtibu mtoto kwa mikono yangu. Ilikuwa kuhara kwa dimbwi, kama ya kila mwaka."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Siri ya mgonjwa siwezi kuisema mkutanoni. Wewe hukuapa kiapo changu. Ukilisema, kisima kimepona leo leo."

"Na Bi Zaina?"

Nesi akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Nililifikiria jambo lile usiku na mchana. Mnanijua: siri kwangu hailali mara mbili. Ningesimama tu, niseme maneno machache, watoto wote wa Kiongoroni wangekunywa maji safi. Lakini kila alasiri mwanamke yule alinishikia kata kwa mikono miwili, akaninywesha, akasubiri mpaka nimeze. Alikuwa analitazama koo langu. Kukisafisha kisima kungekuwa kumwambia mbele ya watu kwamba ni maji aliyoyateka yeye yaliyomuua Salumu. Nikajiambia, kama siku saba zinatosha, mdomo wangu ukae kimya siku saba.

Jumanne nikajiharibia mwenyewe. Mbwana alikuwa amenipa kamba wa kukaanga tangu Jumatatu, nikawabakiza, na kwa ulafi wangu nikawala asubuhi baridi baridi. Kufika saa nne tumbo linaunguruma kama mashine ya boti. Nilikwenda chooni mara tatu kwa kujipitisha nyuma ya migomba. Nesi alishika kichwa.

"Wakijua, basi," akasema. "Hakuna atakayesikia habari ya kamba."

Nikiwa nimelala kwenye mkeka, hodi ikapigwa. Aliingia Bi Zaina na bakuli. Nesi alibadilika rangi. Bi Zaina akaketi karibu nami, akakoroga uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi, akanilisha kijiko cha kwanza bila kusema neno. Cha pili. Kisha akasema:

"Ulikula kamba wa jana. Nilikuona."

"Ndiyo, mama."

"Sijamwambia mtu."

Huyu ndiye aliyetaka kisima kizikwe, na ushahidi wake umelala mbele yake unatoka jasho. Angetoka nje tu akaita watu.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

Akakoroga uji. "Maji yanayoua nayajua," akasema.

Hilo tu. Na mimi, Kabula, niliyeieleza dunia nzima joto la ardhi bila kuombwa, nilimshika mkono nikanyamaza. Tulikaa hivyo mpaka uji ukaisha. Alasiri nilisimama wima kisimani, nimejikaza, akaninywesha kata yangu kama kawaida.

Ijumaa ya pili

Tumbo lilipona Jumatano. Ijumaa watu walijaa tena, ila majembe safari hii yalikuwa machache. Nilikuwa nimesimama na viatu vya kuazima vya Nesi, mzima, nimenenepa kwa wali wao. Bwana Mkumba akasema mtani anywe ya mwisho, kisha wazee watatoa neno lao.

Bi Zaina alipampu mwenyewe. Akajaza kata. Akaja mpaka mbele yangu, nikanyoosha shingo kama siku zote. Hakunipa. Akaigeuza, akaiweka kinywani mwake, akanywa yote. Maji yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye kaniki.

"Salumu hakuyanywa haya," akasema. Hakupaza sauti. "Niliyaogopa kwa vile yana moto. Nilikuwa nampa ya dimbwini. Kila siku nilikwenda mbali, nikapita hapa na ndoo tupu, nikaenda kumtekea ya dimbwini. Mimi mwenyewe."

Kata ilimdondoka. Nesi Tumaini akaanza kulia kwa kwikwi. Bwana Mkumba alivua kofia yake akaikunja mikononi. Mimi nilikuwa na maneno yangu yote, njia ya maji, nyufa, vijumba, hata moja halikunifaa. Nikaenda nikamkumbatia Bi Zaina, akaniegemea na uzito wake wote, na wanawake wakatuzunguka, mmoja mmoja, bila vigelegele na bila kumwambia neno la kumlaumu. Bibi mmoja mzee ndiye aliyesema, "Mwanangu, ungejuaje? Sote tulikunywa ya dimbwini. Sote tumezika."

Wazee hawakutoa neno lolote. Halikuhitajika. Mwanaume mmoja alianza kuyahamisha mawe yale, akayapanga kuzunguka kisima ili watu wasikanyage tope.

Wanawake wakaenda majumbani wakarudi na ndoo. Bi Zaina alikamata mpini wa pampu, akakataa kupokewa. Alimpampia kila aliyekuja, ndoo baada ya ndoo, mpaka foleni yote ikaisha na jua likawa limeinama kwenye mikoko. Yake aliijaza mwisho. Nilimshikia upande mmoja, tukainyanyua pamoja, nikamtwika, akaenda nayo nyumbani.